Meli za Nta: Jinsi Tangi la Maji Lilivyojibu Swali la Bahari

Fundi wa majahazi wa Lamu au wa Nungwi hana karatasi yenye mchoro. Ana mkuku uliolazwa mchangani, mataruma yaliyotafutwa porini kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe, na jicho alilorithi kwa wazee wake. Chombo kikitoka kizito cha mwendo, cha pili atakipunguza tumbo. Kikichimba mawimbi kwa omo, kinachofuata atakiinua gubeti. Makosa husahihishwa na bahari yenyewe, chombo baada ya chombo. Tena, kwa kuwa upepo haununuliwi, hakuna anayemuuliza fundi chombo chake kitakula nguvu kiasi gani.

Injini ya mvuke ndiyo iliyoleta swali hilo. Mwenye meli wa karne ya 19 alitaka kujua, kabla hajalipa hata senti, meli yake itahitaji injini ya nguvu gani, itachoma tani ngapi za makaa kwa siku na itakwenda noti ngapi. Meli ya chuma ya maelfu ya tani haiwezi kuundwa upya kwa sababu ya kwanza haikukimbia. Injini ikiwa ndogo, meli inajikokota maisha yake yote. Ikiwa kubwa kupita kiasi, nafasi ya shehena inaliwa na mashine na makaa. Hadi miaka ya 1870, hakuna mtu duniani aliyeweza kulijibu swali hilo kwa uhakika. Jibu lilipatikana ndani ya banda refu huko Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa vidau vya nta vilivyovutwa juu ya maji tulivu.

1768 hadi 1800: Uzi wa hariri na sarafu ya shilingi

Wazo la kuvuta kidau ili kujifunza kuhusu meli ni la zamani kuliko tangi lenyewe. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, aliwahi kusafiri kwa mashua za mifereji ya Uholanzi. Siku moja mashua ilikwenda polepole, na mwenyewe akamwambia kuwa maji ya mfereji yamepungua mwaka ule. Franklin hakuridhika na maneno matupu. Mwaka 1768 alimwandikia rafiki yake, daktari John Pringle, kumweleza alivyolichunguza jambo hilo. Alitengeneza birika la mbao lenye urefu wa futi 14, akaweka ndani yake kidau cha inchi 6, akakifunga uzi wa hariri uliopita juu ya kapi, na mwisho wa uzi akaning'iniza sarafu ya shilingi. Sarafu ikishuka, kidau kinavutwa. Hakuwa na saa ya kufaa, kwa hiyo alihesabu moja hadi kumi upesi upesi, akifunga kila kumi kwa kidole. Akaona kweli: maji yakiwa machache chini ya kidau, safari inachukua muda mrefu zaidi.

Wengine walifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1775 wanahisabati d'Alembert, Bossut na Condorcet walifanya majaribio ya kuvuta vidau mjini Paris kwa niaba ya serikali ya Ufaransa. Miaka ya 1790 Mark Beaufoy alivuta maumbo ya kila namna katika gati la Greenland, London. Vitabu vikajaa takwimu.

Hata hivyo, waunda meli hawakuzitumia, nao hawakuwa wakaidi. Kulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, chombo cha kuvutia kilikuwa uzito unaoshuka, na uzito hauna njia ndefu ya kushuka, hivyo kidau kinafika mwisho kabla mwendo wake haujatulia. Pili, ambayo ndiyo kubwa, hakuna aliyejua namna ya kutoka kwenye kidau hadi kwenye meli. Ukikuta kidau cha futi 3 kinazuiwa na maji kwa nguvu fulani, je, meli ya futi 300 itazuiwa mara 100 zaidi? Mara 10,000? Kila aliyejaribu kuzidisha alipata jibu lisilofanana na meli yoyote iliyopata kuelea.

1857 hadi 1870: Kunguru na Bata Maji

William Froude alizaliwa mwaka 1810 huko Dartington, katika jimbo la Devon. Alikuwa mhandisi wa reli, akifanya kazi chini ya Isambard Kingdom Brunel. Mwaka 1857 Brunel alikuwa akimalizia meli ya ajabu, Great Eastern, yenye urefu wa mita 211, kubwa kupita chochote kilichokuwa kimeelea kabla yake. Alimwomba Froude achunguze meli kama hiyo itayumba namna gani kwenye mawimbi. Ombi hilo ndilo lililomtoa Froude kwenye reli na kumtia baharini, na hakurudi tena nchi kavu kwa fikra.

Kutoka kuyumba alihamia kwenye mwendo. Mwaka 1867 alitengeneza modeli za aina mbili. Moja aliiita Raven, yaani kunguru: ilikuwa imechongoka omo na tezi, kama ilivyofundishwa na John Scott Russell, bingwa wa wakati ule aliyeamini kuwa kuna umbo moja bora la meli. Ya pili aliiita Swan, yaani bata maji, yule ndege mkubwa mwenye shingo ndefu, kwa kuwa ilikuwa na tumbo pana na ncha butu mfano wa kifua cha ndege huyo. Kila aina aliiunda kwa ukubwa wa aina tatu, futi 3, futi 6 na futi 12, akaenda kuzivuta kwenye mto Dart kando ya mashua ya mvuke.

Matokeo yalivunja imani mbili kwa mkupuo. Kwa mwendo mdogo Raven ilikuwa nyepesi, lakini mwendo ulipoongezeka Swan ikaishinda. Basi hakuna umbo moja lililo bora kwa kila mwendo. La pili ndilo lenye uzito katika historia hii. Froude aliyatazama mawimbi yaliyotengenezwa na modeli ndogo na kubwa za umbo moja. Aligundua kuwa kila modeli ina mwendo wake ambao mawimbi yake yanafanana kabisa na ya mwenzake, kilele kwa kilele, bonde kwa bonde. Mwendo huo haukui sawa na urefu, bali kwa kipeuo cha pili cha urefu. Modeli ya futi 12 ni ndefu mara 4 kuliko ya futi 3, lakini ili mawimbi yafanane inatakiwa kwenda kasi mara 2 tu. Mfaransa Ferdinand Reech alikuwa ameshaifundisha kanuni hiyo darasani, ila hakuwahi kuifanya kuwa chombo cha kazi.

Mwaka 1869 kamati ya wanasayansi wa Uingereza ilikaa kuamua jinsi ya kuchunguza ukinzani wa maji. Ilipendekeza meli halisi zivutwe baharini. Froude, aliyekuwa mjumbe, alikataa, akaandika maoni yake peke yake: modeli zinatosha, zikipimwa vizuri. Scott Russell alimpinga hadharani, akiyaona majaribio ya vidau kuwa ni mambo ya kumfurahisha mtafiti yasiyo na faida kwa mwenye meli halisi. Aliyemsikiliza Froude alikuwa Edward Reed, msanifu mkuu wa manowari za Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 1870 idara ya jeshi la majini ilikubali kutoa pauni 2,000 kwa ujenzi wa tangi na majaribio ya miaka miwili. Froude hakudai mshahara.

1871 na 1872: Vyombo vya Torquay

Tangi lilichimbwa kwenye kiwanja karibu na nyumba yake, Chelston Cross. Lilikuwa na urefu wa futi 278, upana wa futi 36 na kina cha futi 10, chini ya paa refu lililozuia upepo na mvua. Paa lilikuwa na kazi yake: wimbi dogo la upepo linatosha kuharibu kipimo.

Juu ya maji, kutoka omo ya tangi hadi tezi yake, zilipita reli mbili zilizoning'inizwa kwenye mbao za paa. Juu ya reli hizo lilikwenda toroli lililovutwa kwa kamba ya waya na injini ya mvuke iliyofungwa kidhibiti cha mwendo. Hapa ndipo Froude aliposhinda wote waliomtangulia. Franklin na Wafaransa walichagua nguvu ya kuvuta, kisha wakapima mwendo uliotokea. Froude aligeuza swali: toroli linashika mwendo uliochaguliwa na kuushikilia bila kuyumba, kisha tunapima maji yanazuia kwa nguvu gani. Meli inauzwa kwa mwendo, kwa hiyo mwendo ndio unaotakiwa kuwa mikononi mwa mpimaji. Aliyewahi kuwa mhandisi wa reli alikwenda kuyapima maji kwa reli, na sioni kuwa ilikuwa bahati tu.

Chini ya toroli ilifungwa dainamometa, kipimanguvu. Modeli haikuvutwa moja kwa moja. Ilivutwa kupitia springi. Maji yakiizuia modeli, springi inanyooka, na mnyooko huo ulikuzwa kwa mkono wa wenzo hadi kwenye kalamu iliyochora juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye pipa dogo. Kalamu nyingine ziliandika umbali uliokwendwa na muda uliopita, kwa kuunganishwa na saa. Kila safari ya tangi iliacha mchoro wake, na mtu angeweza kuukagua baada ya miaka kumi na kuona kama mwendo ulitulia au la. Wakati ambao takwimu nyingi ziliandikwa kwa kukisia, karatasi ile ilikuwa shahidi asiyeweza kubembelezwa.

Kisha kuna nta. Mbao hunywa maji, huvimba na hupinda, na kuichonga modeli mpya ya mbao kila umbo linapobadilishwa kunakula wiki nzima. Froude alichagua nta ya parafini, ileile ya mishumaa. Iliyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya udongo wa mfinyanzi, na katikati kukawekwa kiini cha fito zilizofunikwa kitambaa ili modeli iwe na uwazi ndani. Ilipopoa iliwekwa kwenye mashine aliyoibuni mwenyewe: fundi anafuatisha mstari wa mchoro kwa ncha ya chuma, na visu vinavyozunguka vinachonga mstari uleule ubavuni mwa nta, kulia na kushoto kwa pamoja. Mwishowe mafundi walilainisha kwa mkono. Nta hainywi maji. Omo ikionekana butu, unaikwangua. Ikiwa imekonda, unaongeza. Kazi ikiisha, modeli inarudi sufuriani kuyeyushwa na kuwa meli nyingine.

Mwezi Machi 1872 modeli ya kwanza ilikokotwa kwa ajili ya kazi rasmi. Ilikuwa ya manowari iitwayo Greyhound.

1872 hadi 1874: Ukinzani wenye sehemu mbili

Tangi na toroli peke yake visingetosha. Kanuni ya mawimbi ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Maji huizuia meli kwa njia mbili. Kuna nguvu inayopotea katika kutengeneza mawimbi, na kuna msuguano wa maji yanayosugua mwili wa chombo kuanzia omo hadi tezi. Mawimbi ya kidau na ya meli hufanana kwa kanuni ya Froude. Msuguano haufuati kanuni hiyo. Ndiyo sababu kila aliyezidisha ukinzani wote kwa pamoja aliishia kwenye jibu la uongo.

Froude alivipima vitu hivyo kimoja kimoja. Alichukua mbao bapa nyembamba, zisizotengeneza mawimbi ya maana, za urefu wa futi 2 hadi futi 50, akazikokota tangini zikiwa zimesimama kwa ubavu. Nyingine alizipaka vanishi, nyingine nta, nyingine akazifunika kitambaa au akazinyunyizia mchanga. Akapata kujua kila aina ya uso inasuguana kiasi gani, kwa urefu gani na kwa mwendo gani. Mafundi wetu wa pwani, wanaokipandisha chombo ufukweni kukikwangua na kukipaka deheni, wangeyaelewa majaribio hayo bila kuelezwa: uso unaokwaruza unakula mwendo. Froude aliweza kusema unakula mwendo kiasi gani.

Baada ya hapo hesabu ikawa hivi. Pima ukinzani wote wa modeli. Toa msuguano wake, unaoujua kutokana na zile mbao. Kinachobaki, hasa mawimbi, kizidishe kwa kanuni. Kisha ongeza msuguano wa meli kubwa, uliokokotolewa peke yake. Tuchukue modeli iliyo ndogo mara 25 kuliko meli. Meli ikitakiwa kwenda noti 20, modeli itakokotwa kwa noti 4, takriban mita 2 kwa sekunde. Kilo moja ya ukinzani wa mawimbi kwenye modeli inakuwa kilo 15,625 kwenye meli, yaani 25 mara 25 mara 25. Ukiangalia ukubwa wa namba hiyo utaelewa kwa nini Froude alihangaika sana na springi na kalamu zake. Kosa la gramu chache tangini ni kosa la makumi ya kilo baharini.

Ilibaki kuthibitisha. Jeshi la majini lilimpa Greyhound yenyewe, meli ya zaidi ya tani 1,000, na manowari nyingine, Active, ya kuivuta. Kama Greyhound ingefuata nyuma ya Active, ingepita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa na mwenzake. Kwa hiyo kamba ilifungwa kwenye boriti ya futi 45 iliyotokeza ubavuni mwa Active, ili meli inayovutwa ipite kwenye maji safi. Dainamometa kubwa ilipima mvuto wa kamba.

Mwaka 1874 Froude aliwasomea wasanifu meli wa Uingereza matokeo. Mstari wa meli halisi na mstari uliotabiriwa na kidau cha nta ilifuatana, mara ukwaruzi wa uso wa meli ulipozingatiwa. Tena likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: nguvu iliyohitajika kuivuta Greyhound ilikuwa chini ya nusu ya nguvu ambayo injini yake ilitoa kwa mwendo uleule. Zaidi ya nusu ya nguvu hiyo ilikuwa ikipotea ndani ya mashine na kwenye rafadha. Rafadha nayo ikaingizwa tangini.

Froude alifanya pia utafiti wa kuyumba kwa meli, na mbao za ubavuni zinazopunguza kuyumba, ambazo meli nyingi zinazo hadi leo, zilipata hoja yake kutokana na vipimo vyake. Jambo hilo lilikuwa zito wakati ule: Septemba 1870 manowari mpya Captain ilipinduka usiku karibu na pwani ya Hispania na kuzamisha watu karibu 480.

Mwaka 1878 alifiwa na mkewe, Catherine. Jeshi la majini lilimkaribisha asafiri kwa mapumziko katika manowari Boadicea hadi Afrika Kusini. Akaugua huko, akafariki Simonstown tarehe 4 Mei 1879, akazikwa kwa heshima zote za kijeshi katika ardhi ya Afrika. Wasomaji wa Lamu huenda wanalifahamu jina la meli hiyo kwa sababu nyingine: Boadicea ndiyo iliyokuwa meli ya Admirali Fremantle alipokuja kuishambulia Witu mwaka 1890.

1883 hadi 1914: Matangi yanaenea

Mtu anaweza kufa na kazi yake ikafa naye. Kazi ya Froude haikufa kwa sababu mwanawe, Robert Edmund, alikuwa amesimama naye kando ya tangi tangu mwanzo. Alipoihamishia kazi Haslar, karibu na Portsmouth, mwaka 1886, vyombo na kumbukumbu vilikwenda naye. Manowari za Uingereza zilichorwa zikisubiri neno lake, na alikuwa mjumbe wa kamati iliyobuni Dreadnought, iliyozinduliwa mwaka 1906.

Uholanzi ilikuwa imewahi mapema: Bruno Tideman alikuwa akivuta modeli katika karakana ya jeshi la majini mjini Amsterdam tangu miaka ya 1870. Italia ilijenga La Spezia, Urusi ikajenga St. Petersburg, Ujerumani na Ufaransa zikafuata. Mengi ya hayo yalikuwa ya serikali. Lililoingia kwenye biashara lilijengwa mwaka 1883 na familia ya Denny huko Dumbarton, Scotland, mji ambako Cutty Sark iliundwa. Tangi lao lilikuwa na urefu wa mita 100. Denny waliuza meli kwa mkataba wenye mwendo ulioahidiwa, na aliyeahidi akashindwa alikatwa fedha. Kwao tangi lilikuwa njia ya kutia saini bila kuogopa.

Washington ilipata lake mwishoni mwa karne, lenye urefu wa futi 470, chini ya David W. Taylor. Joto la kiangazi la Washington huilainisha nta, kwa hiyo Taylor alirudi kwenye mbao. Alichukua umbo moja la msingi akalibadilisha kwa utaratibu, upana, kina na ujazo, akakokota kila moja na kuchapisha matokeo katika kitabu chake cha mwaka 1910. Msanifu asiye na tangi, popote alipo, akaweza kufungua ukurasa na kukadiria nguvu ya injini.

Tarehe 20 Septemba 1911 lilitokea jambo lililoyafikisha matangi mahakamani. Olympic, meli pacha ya Titanic, iligongana na manowari Hawke karibu na kisiwa cha Wight. Nahodha wa manowari alidai kuwa meli ile kubwa ilimvuta. Wengi waliona ni kisingizio. Taylor alikuwa amelipima jambo hilo kwa modeli mbili zilizopita sambamba, na ushahidi wake ulionyesha kuwa maji yanayopita kati ya meli mbili zilizokaribiana kweli huzivuta pamoja. Mahakama iliitia hatiani Olympic.

Mwaka huohuo tangi la kitaifa la Uingereza lilifunguliwa Teddington, likapewa jina la William Froude. Pauni 20,000 za kulijenga zilitolewa na mwunda meli Alfred Yarrow. Kampuni ya Yarrow ndiyo baadaye iliyounda meli ya Victoria kule Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuungwa upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilianza kazi Ziwa Victoria, na watu wa Bukoba na Mwanza wameipanda kwa vizazi.

Nundu ya omo

Simama gatini Mombasa au Dar es Salaam meli ya makontena inapokuwa imepakua. Chini ya omo, pale ambapo mtu angetegemea ncha kali, utaona nundu kubwa imetokeza mbele kama pua ya nyangumi. Fundi wa jicho peke yake asingeibuni kamwe. Inaonekana kama kosa.

Taylor aliona tangini kuwa modeli yenye uvimbe chini ya omo inazuiwa kidogo kuliko isiyo nao, na manowari ya Marekani Delaware, iliyoingia majini mwaka 1909, ikapewa omo hiyo. Sababu ni kwamba nundu hutengeneza wimbi lake lenyewe. Ikikaa mahali panapofaa, bonde la wimbi la nundu linaangukia kwenye kilele cha wimbi la omo, na mawimbi hayo mawili yanauana. Mjapani Takao Inui wa Chuo Kikuu cha Tokyo ndiye aliyeifanyia hesabu hadi mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 meli ya abiria Kurenai Maru ilifungwa nundu kubwa na kulinganishwa na pacha wake asiye nayo. Picha kutoka angani zilionyesha meli moja ikivuta mkia wa mawimbi, na nyingine ikiacha maji karibu tulivu.

1933 hadi 1957: Kosa lililojificha kwenye maji tulivu

Matangi yalipokuwa mengi, aibu ikajitokeza: modeli moja ikipelekwa matangi mawili, majibu yalitofautiana. Mwaka 1933 wakuu wa matangi walikutana The Hague, wakaanzisha mkutano wa kimataifa unaoendelea hadi sasa.

Chanzo kimoja kilikuwa maji yenyewe. Juu ya meli kubwa, maji yanayogusa mwili huvurugika tangu omo. Juu ya kidau, huweza kuteleza kwa utulivu sehemu ya mbele, na maji matulivu husuguana kidogo. Modeli inaonekana nyepesi kuliko ilivyo, na meli inayozaliwa nayo inakuwa nzito kuliko ahadi. Dawa iliyopatikana ni rahisi ajabu: waya mwembamba unaozungushwa karibu na omo ya modeli, au ukanda wa mchanga, au safu ya vipini vidogo, ili maji yavurugwe kwa makusudi tangu mwanzo.

Bado ilibidi kujua msuguano wa meli halisi, na hapa Waingereza walirudia jaribio la Greyhound kwa namna ambayo Froude angeifurahia. Lucy Ashton ilikuwa meli kuukuu ya abiria ya mto Clyde, iliyoundwa mwaka 1888 na kustaafishwa 1949. Waliivua magurudumu yake ya kupiga maji, kisha wakafunga injini 4 za ndege za jeti juu ya sitaha. Jeti husukuma kwa hewa. Hakuna rafadha, hakuna gurudumu, hakuna kamba. Maji yanayozunguka chombo hayaguswi na kitu kingine chochote. Mwaka 1950 na 1951 meli hiyo kongwe ilinguruma kwenye maji ya Gareloch, huku modeli zake za ukubwa mbalimbali zikikokotwa matangini. Mwaka 1957, mjini Madrid, mkutano wa matangi ulikubaliana juu ya fomula moja ya msuguano, na hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Tangi lililopo leo

Carderock, nje ya Washington, kuna tangi lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 lenye urefu unaozidi mita 800. Reli zake hazikunyooshwa kama rula. Zinafuata mviringo wa dunia, kwa kuwa uso wa maji nao unaufuata. Springi na kalamu zimepisha vihisio vya umeme, na nta imepisha povu gumu na mbao zinazochongwa na mashine za kompyuta. Kompyuta hukokotoa mtiririko wa maji kabla modeli haijachongwa, na maumbo mengi mabaya hufia humo. Ila umbo linalobaki bado hukokotwa, na mwendeshaji wa toroli bado hukaa akingoja, safari moja hadi nyingine, maji yatulie kabisa.

Kampuni ya Denny ilifilisika mwaka 1963. Tangi lao lilifanya kazi miaka mingine 20 chini ya wengine, kisha likawa makumbusho. Liko Dumbarton hadi leo, likiwa na maji, toroli na reli zake, na mgeni anaweza kuona mahali nta ilipoyeyushiwa.

Nina ombi kwa walimu wa fizikia wa shule zetu, hasa za pwani na za kando ya maziwa. Birika la Franklin lilikuwa na urefu wa futi 14, na kidau chake kilivutwa kwa sarafu. Mfereji wa bati wa paa uliozibwa ncha zote mbili, uzi, kapi, mshumaa ulioyeyushwa na saa ya simu vinatosha. Wapeni wanafunzi wachonge ngalawa moja ya urefu wa shubiri na nyingine ya shubiri mbili, wazivute, na watazame mawimbi.